Vijana wa Makindu Ndani ya Ngome ya Mreno

Mzazi wa Makindu akiambiwa kwamba mwanawe atakwenda Mombasa siku mbili kutazama ukuta, ana haki ya kuuliza ukuta huo una nini. Kwetu mvua ni haba, na mbuzi aliyeuzwa kulipia safari harudi tena zizini. Kwa hiyo nilipotakiwa kuwaongoza wanafunzi wa kidato cha pili, nilijua wazazi watanidai jibu.

Tulikwenda kwa basi, zaidi ya kilomita 300, na asubuhi ya pili tukawa mlangoni mwa Fort Jesus. Ulaya hatukufika, msomaji, lakini Ulaya ilikuja hapa zamani ikajijengea juu ya mwamba wa matumbawe. Wareno waliijenga ngome hiyo kati ya 1593 na 1596 kwa amri ya Mfalme Philip, aliyetawala Hispania na Ureno kwa pamoja. Mchoro ulikuwa wa Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali, na vijana walibishana sana kichwa kiko upande gani.

Kicheko kilikwisha tulipofikia habari za Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa. Baba yake alipouawa, Wareno walimchukua mtoto huyo hadi Goa, mji wao wa Bara Hindi. Huko alisomeshwa na watawa, akabatizwa na kuitwa Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala. Mwaka 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni wa Wareno, akarudia Uislamu.

Hapo darasa liligawanyika. Wengine walisema mtu huyo hakuwa na shukrani. Wengine wakasema kumsomesha yatima si kuununua ufalme wake. Mzee aliyekuwa akitutembeza aliwaacha wabishane, naye alifanya vyema. Kwangu mimi, robo saa ile ilitosha kulipa nauli.

Mazingiwa ya Waarabu wa Oman, yaliyoanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698, niliyapitia upesi. Hata jela ya Waingereza, iliyokuwa humo tangu 1895 hadi 1958, tuliipita hivyo hivyo. Hayo yamo vitabuni.

Ndipo msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, Mreno yuko, Mwarabu yuko, Mwingereza yuko. Na sisi Wakamba?"

Naam! Nilimweleza kwamba katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka pwani kwa miguu, ikiikata nyika kavu ya Taru na pembe za ndovu mabegani. Kivui Mwenda wa Kitui alikuwa miongoni mwa wakubwa wa biashara hiyo. Krapf, mmishenari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alimfuata Kivui hadi kwake, na ni kutoka Kitui alikouona Mlima Kenya Desemba 1849.

Msichana alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua wapagazi wale walipofika mjini walilala wapi. Tuliingia vichochoro vya Mji wa Kale, tukiwauliza wazee waliokaa barazani, mpaka dereva alipotupigia honi.