Chagua Giaboksi kwa Kufuata Kazi Yake

Ndugu msomaji, shika vizuri gazeti hili. Tazama herufi zake. Kila herufi imekaa mahali pake. Wino haukuvuta mkia. Je, umewahi kujiuliza ni kitu gani kinachozifanya herufi zikae hivyo?

Wino mzuri na karatasi nzuri ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine imefichwa ndani ya sanduku la chuma lenye meno na oili. Sanduku hilo ni giaboksi.

Utasema: "Bwana shamba, kazi yako ni migomba na kahawa. Mashine ya kuchapa inakuhusu nini?" Ni swali zuri. Sikiliza kwanza kisa hiki.

KISA CHA VIJANA TISA

Vijana tisa wa kijiji kimoja kwenye mteremko wa Mlima Meru, juu ya Usa River, waliunda kikundi. Waliona kwamba kila mtu anakwenda Arusha mjini kuchapisha. Shule inapeleka mitihani. Chama cha ushirika kinapeleka vitabu vya risiti za kahawa. Wenye harusi wanapeleka kadi. Vijana wakasema, "Kazi hii tunaiweza hapa hapa."

Wakakopa fedha. Wakanunua mashine ndogo ya kuchapa iliyokwisha tumika. Giaboksi yake ilikuwa imevunjika. Muuzaji akawaambia, "Msihofu. Giaboksi ni giaboksi." Akawafungia nyingine. Giaboksi hiyo ilitoka kwenye mashine ya kuchanganya zege.

Siku moja vijana wawili walikuja nyumbani kwangu jioni.

"Shikamoo, bwana shamba."

"Marahaba, wanangu. Mbona mmenyong'onyea?"

"Mashine imetushinda. Tunaomba uje uione."

Waliniita kwa sababu niliwahi kuwasaidia wazazi wao kutengeneza mashine ya kumenya kahawa. Nilikwenda. Niliona herufi zenye kivuli, kama mtu anayeona vitu viwili viwili. Niliona michirizi myeusi na myeupe iliyokatiza karatasi. Giaboksi ilikuwa ya moto, haishikiki. Oili ilikuwa ikidondoka sakafuni. Pembeni palikuwa na rundo la karatasi zilizoharibika. Shule ilikuwa imekataa kazi yao, na deni lilikuwa linawangoja.

Mimi nilishindwa. Lakini kuuliza si ujinga. Tulimleta fundi kutoka mjini. Haya ninayokuandikia ndiyo aliyotufundisha siku ile.

GIABOKSI INAFANYA NINI?

Unaijua baiskeli yenye gia. Ukipanda kutoka Tengeru kwenda Nkoaranga, unaweka gia nyepesi. Miguu inazunguka sana, gurudumu linazunguka kidogo, lakini unapata nguvu ya kupanda. Unapunguza kasi, unaongeza nguvu. Hayo ndiyo yanayofanywa na giaboksi.

Mota ya umeme inazunguka mbio sana. Mashine ya kuchapa inataka mwendo wa pole, wenye nguvu na usiotikisika. Giaboksi inakaa katikati na kuvipatanisha viwili hivyo. Basi, kabla ya kununua, uliza maswali matano.

SWALI LA 1: KASI GANI INATAKIWA?

Kasi huhesabiwa kwa mizunguko ya kila dakika. Mota nyingi za umeme tunazotumia Tanzania huzunguka kama mara 1,450 kwa dakika. Namba hiyo imeandikwa kwenye kibati cha mota. Isome.

Sasa angalia kazi. Vijana wale walitaka kuchapa karatasi 5,000 kwa saa. Saa moja ina dakika 60. Gawanya 5,000 kwa 60. Unapata karatasi 83 kwa dakika. Katika mashine yao, silinda ikizunguka mara moja inachapa karatasi moja. Kwa hiyo silinda ilitakiwa izunguke mara 83 kwa dakika.

Gawanya 1,450 kwa 83. Unapata 17 na nusu hivi. Maana yake, mota izunguke mara 17 na nusu wakati silinda inazunguka mara moja. Namba hii inaitwa uwiano. Nayo imeandikwa kwenye kibati cha giaboksi.

Giaboksi ya zege ilikuwa na uwiano gani? Ilikuwa 58. Gawanya 1,450 kwa 58. Unapata mizunguko 25 tu kwa dakika, yaani karatasi 1,500 kwa saa. Vijana walipolalamika, muuzaji alifunga puli kubwa zaidi kwenye mota. Mkanda ukaizungusha giaboksi kwa kasi ambayo haikutengenezewa. Ndiyo maana ilipata moto na kuvujisha oili. Puli husaidia kurekebisha tofauti ndogo. Haiwezi kuficha kosa kubwa.

SWALI LA 2: INABEBA NGUVU KIASI GANI?

Mashine ya kuchapa haivuti mzigo ulio sawa wakati wote. Inadaka karatasi, inaibana, inaiachia, kisha inadaka nyingine. Kila mara meno ya giaboksi yanapata mshtuko.

Kwa hiyo usinunue giaboksi inayotosha tu. Mafundi wengi huongeza nusu. Mashine ikihitaji nguvu ya kuzungusha ya 100, wao huchagua giaboksi inayobeba 150. Ni kama gari la ng'ombe. Huwezi kulijaza mpaka mwisho kisha ukalipitisha kwenye korongo.

SWALI LA 3: INA PLEI KIASI GANI?

Hili ndilo swali ambalo wengi hulisahau. Shika mpini wa jembe uliolegea. Unacheza kidogo kabla ya jembe kufuata. Meno ya giaboksi nayo huacha nafasi ndogo kati yao. Mafundi huita nafasi hiyo plei.

Kwenye zege, plei kubwa haina neno. Zege halisomwi. Kwenye uchapaji, plei ni adui. Mzigo ukibadilika, jino linatangulia, kisha linagonga nyuma. Silinda inashtuka. Kila mshtuko unaacha alama kwenye karatasi.

Siku hizi kuna mashine kubwa za kuchapa rangi ambazo kila silinda ina mota yake. Hapo plei ni hatari zaidi. Chukua silinda ambayo mzingo wake ni sentimita 60. Duara zima lina digrii 360. Silinda hiyo ikiteleza digrii moja tu, rangi inahama kwa milimita 1.7. Ni karibu unene wa kijiti cha kiberiti. Picha ya mtu itakuwa na midomo shavuni! Kwa uchapaji mzuri wa rangi, kuhama kwa sehemu ya kumi ya milimita moja kunaonekana kwa jicho.

Kwa sababu hiyo mafundi huigawa digrii moja mara 60. Kila sehemu huiita dakika, lakini si dakika ya saa. Giaboksi za kazi ya namna hii hupimwa plei yake kwa dakika chache tu.

PIMA KWA FIMBO

Unaweza kupima plei bila chombo cha ghali. Fanya hivi:

1. Zima umeme. Toa mkanda kwenye mota.

2. Kaza shafti inayoingia kwenye giaboksi isizunguke kabisa.

3. Funga fimbo iliyonyooka kwenye shafti inayotoka. Kutoka katikati ya shafti mpaka ncha ya fimbo iwe sentimita 57.

4. Isukume ncha polepole huku na huku, bila kutumia nguvu. Pima inacheza umbali gani.

Kwa urefu huo wa fimbo, ncha ikicheza sentimita 1, plei ni digrii 1. Ikicheza milimita 1, plei ni kama dakika 6. Giaboksi ya zege ya vijana wale ilicheza sentimita 2. Hapakuwa na haja ya kuuliza zaidi.

SWALI LA 4: MENO YAKE NI YA AINA GANI?

Giaboksi zote hazina meno ya namna moja.

Meno yaliyonyooka ni rahisi kutengeneza. Lakini yana kelele na hugongana.

Meno ya mshazari hushikana taratibu, jino moja likianza kabla jingine halijamaliza. Mwendo wake ni laini. Yanafaa kwa mashine nyingi za kuchapa.

Meno ya skrubu hupunguza kasi sana ndani ya nafasi ndogo. Lakini yanasuguana, yanapata moto na kupoteza nguvu nyingi.

Gia za sayari zina gia moja katikati kama jua, na nyingine ndogo zinaizunguka. Mzigo unagawanywa. Zinaweza kutengenezwa zenye plei ndogo sana. Bei yake ni kubwa, kwa hiyo zinunuliwe pale kazi inapozidai.

SWALI LA 5: NANI ATAITUNZA?

Wakati wa kiangazi vumbi la Meru linaingia kila mahali. Karatasi nazo zina vumbi lake. Vumbi likichanganyika na oili, meno yanasagwa kama kwa msasa. Angalia kwamba sili za shafti ni nzima. Tumia oili iliyotajwa kwenye kibati au kitabu cha mashine. Isizidi wala isipungue. Tafuta pia kama beringi na sili zake zinapatikana Arusha. Giaboksi nzuri isiyo na vipuri itakulaza njaa.

Tena, usiiendeshe mashine bila kifuniko cha meno. Mkono wa shati ukikamatwa, mota haitakuhurumia.

SI KILA KOSA NI LA GIABOKSI

Usikimbilie kuilaumu giaboksi. Chukua rula. Pima umbali kutoka mchirizi mmoja mpaka mwingine kwenye karatasi. Kisha pima umbali kutoka jino mpaka jino kwenye gia ya silinda. Vipimo vikilingana, kosa liko kwenye meno. Visipolingana, kagua pia rola za wino, beringi na mkanda.

MWISHO WA KISA

Vijana waliiuza giaboksi ya zege kwa mtu wa zege. Kwake ilifaa. Walichanga fedha za ndizi na kahawa, wakanunua giaboksi ya meno ya mshazari yenye uwiano unaokaribia 17 na nusu. Fundi aliipima kwa fimbo mbele yao kabla hawajalipa. Sasa herufi zao hazina kivuli. Shule imerudi. Lakini deni bado wanalilipa, pamoja na bei ya karatasi zilizoharibika. Wangeuliza mapema, fedha hiyo ingekuwa mfukoni mwao.

Ndugu msomaji, labda wewe hutanunua mashine ya kuchapa. Lakini kijiji chako kitanunua mashine ya kusaga, au pampu, au mashine ya kumenya kahawa. Maswali haya ya kasi, nguvu na matunzo ni yale yale. Na sisi wa Arusha tuna pa kuuliza. Kuna Chuo cha Ufundi Arusha kilichoanza mwaka 1978. Kuna TEMDO, shirika la kubuni mashine lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Kuna CAMARTEC, Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981. Nenda na kipande cha karatasi chenye namba za kibati. Uliza kabla ya kutoa fedha.

Akikuambia mtu, "Giaboksi ni giaboksi," mwambie: "Hebu tulete fimbo."

MASWALI YA KUJADILI

1. Mota inazunguka mara 1,450 kwa dakika. Uwiano wa giaboksi ni 29. Silinda itazunguka mara ngapi kwa dakika?

2. Kwa nini giaboksi ya zege haikufaa kwa kuchapa?

3. Mashine ya kusaga ya kijiji chenu ina kibati? Nendeni mkakisome pamoja.