Posho ya Msafara wa Tabora: Jedwali, Mlinganyo na Mchoro

Katika hesabu, fankisheni ni uhusiano ambao kila thamani ya kiasi kimoja hupewa thamani moja tu ya kiasi kingine. Mfano wake waonekana katika posho ya misafara ya Bagamoyo na Tabora ya karne ya 19. Mpagazi alipimiwa kwa desturi kibaba cha nafaka kwa siku, na vibaba 4 ni pishi 1; basi wapagazi 100 walikula pishi 25 kila siku. Tuseme msafara waingia pori la Mgunda Mkali na akiba ya pishi 250.

Jedwali: siku 0, pishi 250, siku ya 4, pishi 150, siku ya 8, pishi 50.

Mlinganyo: p = 250 − 25s, ambapo s ni siku zilizopita, na p ni pishi zilizobaki.

Mchoro: mstari ulionyooka, unaoteremka hata kugusa mhimili wa siku penye 10. Wapagazi wakiwa 125, huteremka kwa ukali zaidi na kugusa penye 8.

Jedwali hutaja siku chache. Mlinganyo hujibu siku yoyote. Mchoro hudhihirisha mahali njaa inapoanzia, ambapo kiongozi hakuwa na budi awe amekwisha kufika sokoni.