Nguvu ya SEO Iwekwe Wapi

Kazi ya kuboresha tovuti ili ionekane juu kwenye matokeo ya utafutaji, maarufu kama SEO, ina sehemu tatu: ufundi wa tovuti yenyewe, maudhui yake, na viungo vinavyoielekea kutoka tovuti nyingine. Fedha na saa za kazi hazitoshi kamwe kwa zote tatu, na sehemu hizo hazilipi kwa namna moja. Ufundi una kiwango ambacho kikishafikiwa, nguvu ya ziada huleta faida ndogo sana. Maudhui huendelea kulipa kadiri yanavyojibu maswali mapya. Viungo vikilazimishwa, hugeuka hasara.

Ufundi hutangulia, kwa sababu ukurasa usiosomeka kwa roboti za Google hautaonekana hata uwe mzuri namna gani. Mstari mmoja uliokosewa katika faili la robots.txt unaweza kuzuia roboti kusoma tovuti nzima. Baada ya hapo huja kasi, hasa kwenye simu, maana Google husoma tovuti kama inavyoonekana kwenye simu. Viwango viko wazi: sehemu kubwa kuliko zote ya ukurasa itokee ndani ya sekunde 2.5, na ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200. Tovuti yenye picha za megabaiti nne nne, inayofunguliwa kwa simu ya bei nafuu na bando dogo, ina kazi ya kufanya hapo. Iliyokwisha kufika sekunde 2 haina sababu ya kumlipa fundi mwezi mzima ili ifike 1.7.

Baadhi ya yanayouzwa kama huduma za SEO hayamhusu kabisa mwenye tovuti ndogo. Ushauri wa kubana idadi ya kurasa zinazopitiwa na roboti, kwa mfano, Google huutoa kwa tovuti zenye kurasa zaidi ya milioni moja, au zaidi ya 10,000 zinazobadilika kila siku. Tovuti ya kurasa 60 haimo. Vilevile, mwaka 2009 Google ilitangaza kwamba haitumii orodha ya maneno muhimu inayofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa. Bado wapo wanaotoza fedha kwa kuijaza.

Kwa tovuti nyingi ndogo, nguvu kubwa inastahili kwenda kwenye maudhui. Kampuni ya utalii ya Arusha inayopigania neno “safari” pekee inashindana na dunia nzima. Lakini mtu anayeuliza njia ya Lemosho huchukua siku ngapi, bakshishi ya wapagazi hugawanywaje, au mwenye pumu afanye nini kabla ya kupanda Kilimanjaro, anatafuta jibu ambalo wachache wanalo. Anayelijua ni mwongoza watalii aliyefika kileleni mara nyingi. Saa mbili za mtu huyo, akiwa na mwandishi wa kuyapanga maelezo yake, zina thamani kuliko makala ishirini zilizokusanywa kutoka tovuti za wengine. Tangu Februari 2011, lilipokuja badiliko la kanuni za utafutaji liitwalo Panda, Google imekuwa ikizishusha tovuti zilizojaa kurasa zisizo na kitu.

Viungo ndiyo sehemu yenye vishawishi vingi. Larry Page na Sergey Brin walijenga Google juu ya wazo kwamba kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine ni kama kura, na kura huweza kununuliwa. Mwezi huohuo wa Februari 2011, gazeti la New York Times lilieleza jinsi duka la Marekani la J.C. Penney lilivyoshika nafasi za juu kwa msaada wa maelfu ya viungo vilivyopachikwa kwenye tovuti zisizohusiana nalo. Google ilipochukua hatua, duka hilo lilianguka kwa saa chache kutoka nafasi ya 1 hadi ya 71 kwa utafutaji mmoja wa mabegi ya safari. Kampuni ilisema haikujua, ikamwachisha kazi mshauri wake. Aprili 2012 badiliko la Penguin lilifanya adhabu ya namna hiyo kuwa ya kawaida. Kiungo kutoka hoteli mshirika au orodha ya wanachama wa chama cha mawakala wa utalii huja polepole, lakini hakina hatari hiyo.

Mizani ya nguvu hurekebishwa kwa takwimu za Search Console, huduma ya bure ya Google. Ukurasa unaoonekana mara nyingi ukiwa nafasi ya 8 hadi 15 hufaa kuboreshwa kabla ya kuandika mpya, kwani kupanda kidogo tu huuleta mbele ya macho ya wengi. Matokeo yenyewe huchelewa: Google hutaja miezi minne hadi mwaka. Search Console huhifadhi takwimu za miezi 16, hivyo Julai yenye watalii wengi inaweza kulinganishwa na Julai iliyotangulia, badala ya Aprili ya masika.