Siku ile nilikataa kupiga sindano

Mu kijiji watu wananiita dokta. Mimi si dokta. Nilisoma humanite ya veterineri, nikapata diploma ya A2, na sasa ninatembea ku milima ya Walungu na mfuko wa dawa mgongoni. Kazi yenyewe mnaijua: chanjo ya kuku, dawa ya minyoo kwa mbuzi, ng'ombe yenye kushindwa kuzaa saa nane za usiku na mvua inanyesha. Lakini leo ninataka kuongea juu ya nguruwe na juu ya feza, maana mambo haya mawili yanatembea pamoja.

Asubuhi moja mama mmoja mjane, mwanachama wa kooperative yetu, alinitumia mtoto wake. "Dokta, mama anasema ukuje mbio, nguruwe inakatala kula." Nilikuta nguruwe tatu zimelala zikibanana. Nikapima homa: 41 na zaidi, na nguruwe nzima haipitishe 39 na nusu hivi. Masikio na tumbo vilikuwa vyekundu vyenye kuelekea weusi. Jirani alikuwa amekwisha kupoteza ine mu juma moja.

"Piga sindano," mama akasema. Feza alikuwa nayo mkononi, na nilijua ilikuwa feza gani: minerval ya watoto.

Nikakataa. Nikamwambia, "Mama, ninaogopa hii ni homa ya nguruwe ya Afrika, ile tunaita pesti porsini. Haina dawa. Nikipiga sindano, nitakula feza yako bure." Akaniangalia kama mutu mwenye kumwibia.

Alikuwa na sababu. Mwaka uliopita nguruwe yake ilikuwa na homa na alama nyekundu ku ngozi, ikapigwa penisilini, ikapona. Inawezekana ilikuwa ruje. Ruje inaleta homa na wekundu pia, lakini inatoka ku mikrobi yenye penisilini inaweza kuua. Pesti porsini ni virusi, penisilini haiigusi. Kwa macho tu, hata mimi ninaweza kudanganyika. Ni damu yenye kupimwa ku laboratware inasema kweli. Lakini nguruwe zikikufa nyumba kwa nyumba, kubwa na ndogo, usingojee jibu ndiyo uanze kujikinga.

Jioni ile mutu mwingine mwenye sindano alipita. Alipiga kwa mama, kwa jirani, na mu nyumba zingine mbili kule chini, zenye hazikuwa bado na ugonjwa. Sindano ileile. Mbele ya juma mbili kuisha, hakukubaki nguruwe mu nyumba hizo zote ine. Siwezi kuapa kama ni sindano njo ilipeleka ugonjwa kule chini; watu pia walikuja kununua nyama, wakapita na viatu vyao. Lakini damu kidogo ya nguruwe mgonjwa inatosha.

Siandike haya juu ya kumsema mwenzangu. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya vilevile. Nilipita nyumba tano siku moja na antibiotike, juu watu walikuwa wananiomba na mimi nilikuwa na njaa. Veterineri wa kijiji analipwa ku sindano. Akisema "hapana dawa", anarudi nyumbani mikono mitupu, na kilometa zile alitembea hakuna mwenye kuzihesabu.

Kwa hiyo mu kooperative tulibishana sana, kisha tukapatana: mwanachama analipa mwendo wa veterineri, sindano ipigwe ao isipigwe. Dawa inahesabiwa mbali. Wengine walinung'unika: "Tulipe mutu juu ya maneno tu?" Ndiyo, juu ya maneno, maana ku ugonjwa huu maneno njo kazi yote. Kuzika nyama yenye imekufa mu shimo refu, kuliko kuiuza ao kuikausha ku moshi. Virusi inaishi ndani ya nyama ya moshi siku nyingi. Kuacha kukopeshana ndume wakati ugonjwa uko mu mtaa. Kupikisha mabaki ya chakula, yachemke nusu saa, mbele ya kuyapa nguruwe. Kumsimamisha mnunuzi inje ya kibanda, hata kama ni shemeji yako. Nguruwe mpya ikae peke yake mwezi muzima. Na javel: inafanya kazi ku mahali penye pamekwisha kufagiliwa na kusuguliwa na sabuni. Ukiimwaga juu ya mavi, umemwaga feza.

Mutu hapatwe na virusi hii. Ndiyo maana watu wanakula nyama ile bila woga, na mifupa wanaitupa kule nguruwe za jirani zinapita.

Mama yule alikaa miezi mingi bila kunisalimia ku soko. Kibanda chake kilibaki kitupu. Kisha siku moja mtoto akarudi: mama anataka kununua vitoto viwili, anaomba nivione kwanza. Nilipofika, nilikuta besani ya javel ku mlango wa kibanda. Mama hakusema jambo. Alionyesha tu mabote yangu kwa kidole, akangojea.