Kazi za mashirika: Mtu wa mpakani naye ana nafasi

Na Mwandishi Wetu, Rusizi

HAPA Kamembe, kazi ya shirika lisilo la kiserikali huzungumzwa kama bahati nasibu. Muulize mfanyabiashara anayevuka Rusizi ya Kwanza kwenda Bukavu kwa nini hajawahi kuomba nafasi ya uratibu, atakujibu kuwa nafasi hizo zina wenyewe. Muulize mtu aliyerejea kutoka Kongo, atakwambia vyeti vyake havisomeki Kigali. Wote wawili wana sehemu ya ukweli, lakini ni sehemu tu.

Nayasema haya kwa sababu mimi ni mjumbe wa bodi ya chama kidogo kinachowasaidia wanawake wanaofanya biashara ya kuvuka mpaka. Tulipohitaji mkurugenzi na meneja wa mradi, mfadhili alitaka tupitie kampuni ya kusaka viongozi. Nilikaa upande wa mwajiri, nikaona jinsi majina yanavyoingia kwenye orodha na jinsi yanavyotoka.

Nani anamlipa?

Jambo la kwanza ambalo msomaji anapaswa kulijua ni kwamba msaka viongozi hulipwa na mwajiri. Malipo yake kwa kawaida huwa kati ya asilimia 20 na theluthi moja ya mshahara wa mwaka wa kwanza. Kwa kazi yenye mshahara wa faranga milioni 12 kwa mwaka, asilimia 25 ni faranga milioni 3. Wapo wanaolipwa kwa awamu tangu siku ya kwanza, na wapo wanaolipwa pale tu mtu wao anapoajiriwa. Kampuni kama Oxford HR na Perrett Laver hufanya kazi hii kwa mashirika ya kimataifa.

Kwa hiyo msaka viongozi si wakili wako. Anamtumikia anayemlipa. Hata hivyo, bila watu wazuri hana cha kumpelekea mteja wake, na hapo ndipo anapokuhitaji.

Na anayekudai pesa ili jina lako lipelekwe mbele, mkimbie. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka msingi kwamba wakala wa ajira asimtoze mtafuta kazi. Umoja wa Mataifa nao hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri.

Vilevile mkimbie anayedai mwili. Majirani zetu wa Kongo wanalijua hilo kwa uchungu. Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilieleza jinsi wanawake walivyoahidiwa kazi kwa kubadilishana na ngono wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 huko Kivu Kaskazini na Ituri. Tume hiyo iliwataja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo lenyewe. Tangu 2019 upo mpango ambao mashirika yaliyojiunga huulizana kuhusu mwenendo wa mtu katika kazi zake za nyuma.

Orodha iliyorudishwa

Orodha ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa na majina matano. Wote walikuwa na shahada ya uzamili na Kiingereza safi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufanya kazi mpakani, na wawili tu ndio waliozungumza Kiswahili. Fomu ya mfadhili haikuwa imeuliza lugha hiyo, ingawa Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kuifanya lugha rasmi mwaka 2017.

Bodi iliirudisha orodha. Tuliandika upya sifa: Kiswahili kiwe sharti, uzoefu wa biashara ya mpakani uhesabiwe kama kazi, na tangazo lisomwe redioni na kubandikwa sokoni. Msaka viongozi alinung'unika kuhusu muda, lakini alikubali.

Orodha ya pili ilikuwa na mama mmoja muuza samaki, aliyerejea kutoka Kivu Kusini, ambaye alitunza hesabu za ushirika wake kwa miaka 11. Katika wasifu wake wa awali hakuandika hata neno moja kuhusu miaka hiyo. Aliandika, "Sina ajira." Ukurugenzi hakuupata. Umeneja wa mradi aliupata, akiwashinda watu wenye vyeti vikubwa kuliko chake.

Fanya hivi

Andika biashara yako kama kazi: miaka mingapi, wanachama wangapi, kiasi gani cha fedha kilipita mikononi mwako na kama hesabu zilikaguliwa. Kama ulikuwa mhazini wa kikundi cha akiba, au mjumbe katika Umurenge SACCO, taja. Taja pia lugha zako zote, Kimashi kikiwamo.

Uliyesoma Kongo, peleka shahada yako kwenye Baraza la Elimu ya Juu ili upate usawazisho. Usingoje tangazo litoke. Mwajiri asiyejua "graduat" ni miaka mitatu ya chuo atakuweka kando bila kukuuliza.

Msaka viongozi akikupigia, muulize mwajiri ni nani, mshahara ni kiasi gani, na mkataba ni wa muda gani. Muulize pia fedha za mradi zinatoka wapi. Swali hilo lina uzito tangu 2025, mwaka ambao M23 waliingia Bukavu mwezi Februari, na shirika la misaada la Marekani, USAID, likafungwa mwezi Julai. Waliokuwa na mikataba mizuri walijikuta nyumbani.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini sokoni kwetu hata mwenye samaki wabichi kabisa huita wateja. Nawe jiite.