"Et al." imegoma kuwa "na wenzake"? Rekebisha kiolezo, siyo ukurasa

Steshenari za Bomang'ombe zina msimu wao. Ukifika wakati wa kukusanya tasnifu, foleni haiishi: watu wanaprinti, wanabaindi, halafu wanarudi siku nyingine na kurasa zile zile zimejaa wino mwekundu.

Kwenye foleni hiyo nilimkuta dada mmoja anayesoma Shahada ya Uzamili ya Kiswahili. Msimamizi wake alikuwa amemrudishia kurasa zote za marejeo. Tasnifu nzima ni ya Kiswahili, lakini marejeo yamejaa "et al.", "&", "Eds." na "In". Yeye kashika laptop yake, kijana wa steshenari anamsomea makosa kutoka kwenye karatasi.

"Dada, na hii nayo iwe 'na'?"

"Hiyo nayo, mdogo wangu."

Walishafika herufi M. Hapo akakumbuka kitabu kimoja alichosahau, akakiongeza, na orodha yote ikarudi kama ilivyokuwa mwanzo. "Et al." zote zikarudi. Alinyamaza kabisa. Kijana naye akajifanya anapanga karatasi.

Tatizo hili ni la watu wengi, na kompyuta haina kosa. Alikuwa anatumia Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeo iliyoanza mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Kazi yake ni kuhifadhi taarifa za kila kitabu (mwandishi, mwaka, jina, mchapishaji), kisha kukupangia orodha kwa mtindo unaotaka. Orodha unayoiona kwenye Word haijaandikwa pale moja kwa moja. Inazalishwa upya kila unapoongeza chanzo, kwa kufuata kiolezo. Ukifuta "et al." kwa mkono, umefuta matokeo tu. Kiolezo bado kinasema "et al.", na safari ijayo kitaandika hivyo hivyo.

Kwa hiyo dawa ni kugusa kiolezo chenyewe. Na kinagusika! Ni faili la maandishi ya kawaida lenye jina linaloishia na .csl. Viko zaidi ya 10,000 kwenye hazina ya Zotero na vyote ni bure. Mendeley nayo inasoma lugha hii hii ya CSL. EndNote ina aina yake ya faili, kwa hiyo maelezo haya hayaihusu.

Tuseme chuo chako kinataka APA, ila kwa Kiswahili. Fungua Zotero, nenda Edit, Settings, kisha Cite. Humo kuna kitufe cha Style Editor. Chagua APA, utaona maandishi mengi yenye alama za < na >. Usiogope, karibu yote hutayagusa.

Kabla ya yote, badilisha jina. Juu kabisa kuna mstari wa title na mstari wa id. Kwenye title andika mfano "APA ya Kiswahili", na id uipe maneno tofauti na yale ya mwanzo. Watu wengi huruka hatua hii halafu wanalia. Ukiacha id ya zamani, siku Zotero itakapojisasisha kwenye intaneti italeta APA mpya juu ya yako, na marekebisho yako yote yatafutika kimyakimya.

Sasa tafuta mahali palipoandikwa </info>. Chini yake ongeza haya:

<locale>
<terms>
<term name="and">na</term>
<term name="et-al">na wenzake</term>
<term name="in">katika</term>
<term name="editor" form="short"><single>Mh.</single><multiple>Wah.</multiple></term>
</terms>
</locale>

Maana yake ni rahisi: kila kiolezo kinapotaka neno la kuunganisha waandishi, kiandike "na", mhariri mmoja awe "Mh.", wakiwa wengi "Wah." Orodha hii unaweza kuirefusha kadiri chuo chako kinavyotaka.

Bado "&". Ile hailetwi na neno, inaletwa na amri. Tafuta and="symbol" kila inapotokea, weka and="text". Hifadhi faili kwa jina jipya, rudi kwenye Cite, bonyeza alama ya kujumlisha, ulichague. Ukisahau kufunga alama moja tu, programu itakataa kulipokea, kwa hiyo nakili kwa makini.

Jaribu na kitabu ambacho kila mwanafunzi wa isimu anakijua: Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu, cha Massamba, Kihore na Hokororo, 1999. Zamani ndani ya matini kilitoka (Massamba et al., 1999). Sasa kitoke (Massamba na wenzake, 1999). Na kwenye orodha, kabla ya Hokororo kuwe na "na" badala ya "&". Mkato ulio mbele yake utabaki, maana ndivyo APA ilivyo. Kama msimamizi wako hautaki, tafuta delimiter-precedes-last, weka "never".

Kiolezo hicho hicho ndicho kitakachotumika ukitaka kutoa orodha nje ya Word, kwa mfano mwalimu akiomba bibliografia peke yake. Chagua vitabu, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, chagua Create Bibliography, kisha chagua APA ya Kiswahili.

Lakini kiolezo hakiponyi taarifa mbovu. Huyu dada alikuwa na mwandishi wa ajabu kwenye orodha yake: "Kiswahili, T." Kumbe ni Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, yaani TUKI, wenye kamusi! Programu ilidhani ni jina la mtu, ikachukua neno la mwisho likawa jina la ukoo. Pembeni ya sehemu ya mwandishi kuna kitufe kidogo cha kuunganisha visanduku viwili kuwa kimoja. Taasisi, wizara na kamati zote ziandike humo. Hilo utalifanya kwa kila chanzo, hakuna njia ya mkato.

Ukimaliza, toa PDF kabla ya kwenda kuprinti, maana fonti za kompyuta ya dukani zinaweza kuhamisha kurasa zako. Faili la .csl lenyewe ni dogo sana, linapita WhatsApp bila shida. Yule dada alilituma kwenye grupu la darasa lao kabla hata hajalipia karatasi zake, na kijana wa steshenari akaomba naye atumiwe.