Noti Iliyolipwa Haionekani, Isiyolipwa Imejaa Makasha

DUBAI

Mwaka 2009, tulipokuwa tunaondoka nyumbani, tulichomeka noti moja ya shilingi 10,000 ya Tanzania, ile yenye picha ya tembo, katikati ya kurasa za kamusi. Ilikuwa nauli ya teksi. Tulijiambia kwamba siku tutakayotua tena uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hatutahangaika kutafuta pa kubadilishia fedha.

Siku hiyo haijafika, na noti imetutangulia kufa. Benki Kuu ya Tanzania iliamua kuziondoa noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya shilingi 500 ya mwaka 2010, na wananchi wakapewa kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025 kwenda kuzibadilisha. Aliyekuwa nyumbani alikwenda benki. Sisi tulio ughaibuni, ambao baadhi yetu hatuna njia ya kwenda, tumebaki na karatasi.

Tuliichukua karatasi yetu, tukavuka Khor Dubai kwa abra hadi upande wa Deira, kwa mzee mmoja mwenye asili ya Unguja ambaye amekusanya fedha na stempu za kale kwa miaka mingi. Baada ya shikamoo na kahawa tukamwekea noti mezani. Aliitazama kidogo tu.

"Mwanangu, hii bado changa," alisema. "Iweke, lakini usidhani itakutajirisha. Zimebaki nyingi."

Tukamuuliza ni noti gani basi inayomtajirisha mtu. Akajibu: "Ile iliyolipwa."

Tulidhani anatania, mpaka alipofungua albamu zake.

Kurasa za mwanzo zilikuwa za Afrika Mashariki ya Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, manowari za Uingereza zilifunga njia ya bahari na koloni likaishiwa fedha. Kuanzia mwaka 1915 Wajerumani wakachapa noti za dharura, kwanza Dar es Salaam na baadaye Tabora, kwa karatasi ya aina yoyote iliyopatikana, zikatiwa saini kwa mkono. Mwaka 1917 walichapa nyingine porini kwa mihuri ya mpira. Aidha, huko Tabora mwaka 1916 walifua sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Hata stempu walijichapia, katika kiwanda cha misheni cha Vuga, Usambara. Hizo hazikuwahi kutumika. Zilifukiwa ardhini, zikafukuliwa baada ya vita zikiwa zimeharibika.

Katika noti hizo za dharura, mzee ana za rupia moja bunda zima. Nyingi hazina bei kubwa, na sababu yake inauma. Vita vilipokwisha, mtawala alikuwa mwingine na karatasi zile hazikuwa na mlipaji. Mpagazi aliyebeba mzigo, au mkulima aliyechukuliwa ng'ombe wake akapewa karatasi, alibaki nayo. Ndiyo maana zipo hadi leo: hakuna aliyezipokea.

Sasa tazama Zanzibar. Serikali ya Usultani ilitoa noti zake za rupia mwaka 1908, zenye picha ya jahazi, kuanzia rupia 5, na ya rupia moja ikafuata mwaka 1920. Mwaka 1936 Zanzibar iliingia katika shilingi ya Afrika Mashariki, rupia moja ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Mwenye noti alikwenda akalipwa. Kwa hiyo leo noti hizo ni adimu kama maziwa ya kuku, na ikitokea moja katika mnada wa Ulaya hununuliwa kwa maelfu ya dola. Katika albamu ya mzee nafasi yake ni tupu. Ameiacha wazi makusudi.

Hapa Dubai nako mambo ni yale yale. Watu wa Ghuba walitumia rupia za India, na mwaka 1959 Benki Kuu ya India ikawatolea noti za peke yao, zenye rangi tofauti na herufi Z mbele ya namba, ili kuzuia magendo ya dhahabu yaliyokuwa yanaikausha India fedha za kigeni. India iliposhusha thamani ya rupia Juni 1966, Dubai ikahamia riali ya Qatar na Dubai, kisha dirham mwaka 1973. Rupia za Ghuba zilirejeshwa India zikalipwa, na leo ile ya rupia 100 inatafutwa kwa udi na uvumba.

Wamarekani nao yaliwakuta. Kabla ya mwaka 1863 benki mbalimbali zilichapa noti zao wenyewe. Nyingi zilifilisika, na noti zake ndizo zinazouzwa leo kwa wakusanyaji kwa bei ya chakula cha mchana. Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipofanya watu wafiche sarafu, John Gault alisajili ugunduzi wa kutia stempu ya posta ndani ya kikopo kidogo cha shaba chenye kioo cha ulanga, nyuma kukiwa na tangazo la biashara, itumike kama chenji. Muda si mrefu serikali ikatoa noti zake ndogo na vikopo vikaachwa. Vilivyobaki ni vichache, na bei yake si ya mshahara wetu.

Ndugu msomaji, noti ni ahadi. Ile iliyotimizwa hutoweka, na ile iliyovunjwa hubaki kwenye makasha ya bibi zetu. Kenya ilipoondoa noti za zamani za shilingi 1,000 mwaka 2019, zenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 7 hazikurudi benki. Uingereza, kwa upande wake, Benki Kuu hulipa noti zake za zamani wakati wowote, hata baada ya kuondolewa sokoni. Hatuoni kwa nini benki za kwetu zisiwafungulie walio mbali dirisha kama hilo.

Mzee alituusia mambo matatu. Noti ya kale usiioshe wala kuipiga pasi, usiibandike kwa gundi, na usiinunue "Zanzibar 1908" kwa muuzaji usiyemjua, maana nakala za kughushi ni nyingi. La mwisho alilisisitiza: andika kwenye karatasi ya pembeni ilikuwa ya nani, aliipata wapi na kwa kazi gani, na muulize mwenyewe angali hai. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tulirudi nyumbani jioni, tukaandika kikaratasi: "Nauli ya teksi, uwanja wa ndege hadi mjini, 2009. Haijatumika." Tukakichomeka pamoja na noti ndani ya kamusi.